Kitanda Kilichoinuliwa kwa Matofali

Daktari aliponiambia nikalale, nilimuuliza mpaka lini. Akasema mpaka nijifungue. Nilicheka nikidhani ananitania, lakini alikuwa ameshageukia faili la mwenzangu.

Mimi ni fundi cherehani, na tangu utotoni sijui kukaa. Kanisani mama yangu alikuwa akinifinya paja kwa sababu ya kuchezesha miguu. Wakati wa mambo haya nilikuwa na kibanda cha kushonea pale mtaa wa Kashai, kando ya barabara, nikishona sare za shule na magauni ya kipaimara, na kutwa nzima miguu yangu ilikuwa kwenye kanyagio. Sasa naambiwa nilale chali kwa sababu mlango wa kizazi changu ni dhaifu, na wameushona kwa uzi ili mtoto asitoke kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili, zote katika mwezi wa tano, wakati ambao mtoto ameanza kukupiga teke na wewe umeanza kumjibu. Hii ilikuwa ya tatu. Daktari alisema ikitoka na hii, hawezi kuniahidi kitu tena.

Watu walinitania: fundi naye kashonwa. Nami nilijitania vivyo hivyo, maana nisingecheka ningelia. Lakini habari za mishono nilikuwa nazijua. Nguo ikivutwa kwa nguvu na uzi ukiwa imara, uzi haukatiki. Kinachochanika ni kitambaa. Daktari aliniambia jambo hilohilo kwa maneno yake. Uchungu ukianza, mshono ukatwe upesi, la sivyo utanirarua na mtoto atabanwa humo ndani. "Popote utakapokuwa," alisema, "mtu wa kwanza utakayemwona, mwambie una mshono."

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Muleba. Ijumaa moja alikuja na matofali ya kuchoma, akayapanga chini ya kitanda upande wa miguuni, kitanda kikainuka. Jumapili akarudi kazini. Mimi nikabaki kichwa chini miguu juu, nikiyatazama mabati, nikisikia kila kitu kinachopita barabarani na nisione hata kimoja. Bodaboda zinapita. Mtu anagombana na muuza mkaa. Cherehani ya jirani yangu inakimbia, na kwa mlio wake nilijua anashona kitambaa kizito, na nilijua pia kuwa kitambaa hicho ni cha mteja wangu. Nilikuwa nikilala ubavu huu, nageukia ule, natamani kuamka nikamwambie kwamba anavuta uzi kupita kiasi. Mwenye nyumba wangu, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, alikuwa akiniletea uji na kunikuta nimetupa shuka chini. "Wewe mwanamke," alisema, "hata ukilala unatembea."

Siku za kliniki ndizo nilizoruhusiwa kutoka, na ndizo nilizoziogopa. Palikuwa na nesi mmoja pale hospitali, msichana mdogo kwangu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mara ya kwanza aliposoma kadi yangu, benchi zima la wajawazito lilikuwa kimya likisubiri zamu.

"Hizo mbili zilitoka zenyewe au ulizitoa? Sema ukweli, hapa si kwenye kitubio."

Nikamwambia zilitoka zenyewe.

"Mlango haulegei bure, mama," alisema, akanirudishia kadi.

Kashai nzima inajua mdomo wangu. Kuna mteja aliwahi kuniambia gauni nimelibana, nikamjibu kuwa gauni liko palepale, kilichohama ni kiuno chake, na watu wakacheka hadi kwenye kibanda cha tatu. Lakini pale kwenye benchi nilipokea kadi yangu kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa tumboni, na mwenye kupima kama bado yu hai alikuwa yule. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Hasira kwa mtu aliyelala chali haina pa kwenda, maana huwezi hata kubamiza mlango.

Mume wangu akaona siwezi kukaa peke yangu, akampigia mama yake simu. Mama mkwe wangu anaishi Nshamba, kwenye kibanja chao cha migomba na kahawa. Sote tunamwita Mae, ndivyo tunavyosema mama kwa Kihaya. Alikuja na mkungu wa ndizi, maharage, na kahawa za kutafuna alizozifunga kwenye jani kavu la mgomba. Nilisikia sauti yake mlangoni, nikaona kilemba chake, na mimi huyo nikashuka kitandani nikapiga magoti.

Sikufikiri. Kwetu mkamwana hamsalimii mama mkwe akiwa amelala, wala akiwa amesimama. Nilikuwa nimekatazwa hata kuinama kuvaa viatu, na nilikuwa nimetii kwa wiki nyingi, lakini magoti yangu yalifika sakafuni kabla ya akili. Hilo ningelisamehe. Lililofuata ndilo linaloniudhi hadi leo. Salamu zetu si za neno moja. Mae aliuliza nimeamkaje, nikaitikia. Akauliza habari za mji, nikaitikia. Nami nikauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mguu wa baba mkwe, za kahawa kama imeanza kuiva, na yeye akajibu moja baada ya nyingine, taratibu, kama inavyotakiwa. Alikuwa ameyaona matofali. Alijua kwa nini ameitwa. Mimi nilikuwa nasikia uzito unashuka chini ya kitovu. Sote wawili tulijua kwamba sikupaswa kuwa pale sakafuni, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuikatisha salamu. Tukaimaliza.

Nilipoinuka niliona damu kwenye kanga.

Mwenye nyumba ndiye aliyekimbia kutafuta bajaji. Tulipita mtaa wa Bilele polepole, Mae akimwambia dereva kwa kila shimo "bojo, bojo", yaani tafadhali mwanangu, na mimi nimebana mapaja kana kwamba mtoto angezuilika kwa hilo. Na hospitali, nani alitupokea? Nesi yuleyule.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilipiga magoti."

"Ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa namsalimia mama mkwe."

Alicheka hadi mwenzake wa meza ya pili akauliza kuna nini, naye akamsimulia, na mwenzake akacheka. "Nyie watu wa hapa mna mambo," alisema. Mae alikuwa amesimama nyuma yangu na kanga yenye damu mkononi. Kiswahili chake ni cha shule ya zamani, cha kuokoteza, lakini hilo alilielewa.

Walinilaza wodini. Asubuhi daktari alikuja kwenye raundi na wanafunzi wake, wakasimama kuzunguka kitanda. Si yule aliyenishona, ni mwingine. Hakuna aliyenisalimia. Mmoja alifunua shuka bila kuniomba, wakaongea Kiingereza, na katikati nikasikia neno la Kiswahili, "mlegevu", na mwanafunzi mmoja akaangalia viatu vyake ili asicheke. Nilitaka kumuuliza daktari kama mtoto yu hai. Nilifungua mdomo, wakawa wameshahamia kitanda kingine. Nilikaa hadi mchana bila kujua. Mwanamke aliyefagia wodi ndiye aliyeniambia, kwa kuwa nilimwomba akaulize, kwamba wamesema mapigo yapo na mshono umeshika. Baada ya siku chache wakaniruhusu, wakasema nikalale.

Kuanzia hapo Mae alipiga marufuku salamu. Kila alipotoka kwenda sokoni au uani, alirudi akiwa anapaza sauti kabla kichwa hakijaonekana: "Usiamke! Usiamke!" Mwanzoni nilicheka, baadaye ikanichosha. Tulikuwa wanawake wawili wasiojua kukaa, ndani ya chumba kimoja. Yeye kahawa yake ilikuwa imeiva Nshamba na hakuna wa kuichuma. Aliamka kabla ya jua, akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa, akamenya ndizi za watu sita, akasimama dirishani. "Sasa hivi inaanguka," alikuwa akisema, na sikuhitaji kuuliza ni nini. Tuligombana juu ya dirisha, juu ya redio, juu ya chumvi. Siku moja nilimwambia arudi kwake, nimechoka kulindwa kama ng'ombe wa maonyesho. Alinitazama, akavaa kilemba, akatoka. Nikajua nimemuudhi vibaya. Alirudi na kichane cha ndizi mbivu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunimenyea.

"Kahawa itaiva tena mwaka kesho," alisema.

Nililia nikitafuna ndizi. Akanimenyea nyingine.

Mwezi wa tano ukapita. Sikuusherehekea, niliogopa hata kuutaja. Wa sita ukapita, na mtoto akawa anacheza usiku na mchana, naye hajui kukaa, nikajua ni wangu kweli. Tukaingia wa saba. Mchana mmoja, mvua ikiwa imetoka kukatika, mgongo uliniuma, ukaacha, ukauma tena. Nilisema ni kulala sana. Mae akaweka mkono tumboni mwangu, akautuliza hapo kwa muda, kisha akaita bajaji mwenyewe.

Tulifika wakati wa kuona wagonjwa na wodi ilikuwa imejaa watu na vyakula. Nikamwona. Mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa yule nesi, na nikafanya nilivyoagizwa.

"Sista, nina mshono. Uchungu umeanza."

"Wewe tena. Miezi mingapi?"

"Saba."

"Basi si uchungu. Unadeka tu. Lala pale, daktari akija atakuona."

"Nina mshono wa mlango wa kizazi. Ukivutwa..."

"Mama, kila mtu humu ana lake." Akaondoka na trei yake.

Nililala pale. Maumivu yalikuja, yakaenda, yakaja kwa karibu zaidi. Safari hii nilisikia kitu kingine pia, mvuto wa chini, mkali na mwembamba, mahali pamoja. Nilikuwa nimesikia vitambaa vingi vikianza kuachia pembeni mwa mshono, na nilijua ninachosikia. Nilimwita. Akasema nakuja. Nilimwita tena, na akaniambia kutoka upande wa pili wa wodi nisiwapigie wenzangu kelele, wakati wa kuitafuta hiyo mimba sikupiga kelele. Watu walioleta vyakula waliinamisha vichwa. Niliinuka nusu, nikitaka kwenda kumshika lile gauni lake jeupe, Mae akanirudisha chini kwa mkono mmoja.

Muda wa kuona wagonjwa ulikwisha. Mlinzi akapita akigonga vitanda kwa rungu lake dogo, akiwatoa watu. Alimgusa Mae begani. Mae hakutoka. Alimpita mlinzi, akakatiza wodi nzima kwa ndala zake zenye matope hadi kwa yule nesi, akasimama mbele yake. Niliona midomo yake inachezacheza. Alikuwa anakitafuta Kiswahili, na hofu ilikuwa imekichukua chote. Basi akafanya kile ambacho mtu mzima wa kwetu hufanya kabla ya kusema lolote. Akamsalimia kwa Kihaya.

Na yule nesi akakunja magoti.

Hakufika sakafuni. Alishuka nusu, mikono imekutana mbele, macho chini, na salamu ikamtoka kwa Kihaya safi cha vijijini, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Trei ilikuwa bado kwenye kiwiko. Wenzake walimkodolea macho. Naye alikuwa kama mtu aliyeshikwa akiiba, lakini alishachelewa, salamu ilikuwa imeanza, na salamu yetu ikishaanza haina pa kuikatia. Mae akamuuliza ameshindaje. Akaitikia. Mae akamuuliza ni mtoto wa nani na wa wapi, naye akataja kijiji kilicho mbele kidogo ya Nshamba, akasema alilelewa na bibi yake. Mimi kitandani nilikuwa nauma shuka na kuyahesabu maswali, nikiomba Mae asiulize habari za ng'ombe. Hakuuliza.

"Mwana wange," alimwambia kwa Kihaya, "yule pale ni mkamwana wangu. Ana uzi ndani. Bojo, ukateni."

Nesi alikuja kitandani kwangu. Aliinua shuka, akatazama, na uso wake ukabadilika. Aliita jina la mwenzake kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwa anayo. Wakanisukuma kwenye machela hadi leba, wakanichoma sindano ambayo nilikuja kuambiwa ilikuwa ya kuyakomaza mapafu ya mtoto, na daktari aliyenishona mwenyewe akafika akiwa bado na koti la mvua. Nilisikia mkasi. Mlio wa mkasi unaokata uzi naujua hata nikiwa usingizini. Ule mvuto mwembamba ukaisha, na maumivu yaliyobaki yalikuwa ya kuzaa tu, ambayo kila mwanamke anayo.

Alizaliwa kabla giza halijaingia. Wa kike. Hakulia mara moja, na katika ule ukimya niliwachukia wote waliokuwa chumbani, daktari, nesi, aliyeshika taa, Mungu pia, sitaficha. Kisha akatoa sauti, kidogo, kama mlango wa kabati. Wakamwondoa haraka kabla sijamgusa.

Alikuwa mdogo wa kutisha, ngozi imekuwa kubwa kuliko yeye. Walituweka kwenye chumba cha watoto njiti, ambako mama hukaa na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kanga moja. Mae aliruhusiwa kuingia saa za kuona wagonjwa. Na yule nesi, kwa kuwa wanahamishana zamu, wiki hiyo alikuwa wa huko.

Ningependa kusema kuwa alibadilika. Mbele ya Mae alibadilika kabisa: akimwona tu, goti linakunjika, "Mae" hivi, "Mae" vile, anamletea na kiti. Mae akitoka, anarudi kuwa yuleyule wa zamani. Mama mmoja mdogo kutoka Muleba, aliyelazwa kitanda cha jirani na mtoto mdogo kuliko wangu, aliambiwa maziwa yake hayatoki kwa sababu ana roho mbaya. Alikuwa mtoto wa watu, hajafika hata miaka ishirini. 

Hapo ndipo nilipoanza kuyapanga maneno. Nilikuwa nimefungwa na mtoto kifuani, siwezi kwenda popote, lakini mdomo ulikuwa wangu. Mtoto alikuwa amezaliwa, sikuwa na cha kuogopa tena. Nilimsomea yule jirani yangu hotuba nzima kwa kunong'ona tangu alfajiri. Nitamwambia nesi habari ya kitubio. Nitamwambia habari ya mlango usiolegea bure. Nitamuuliza, kama bibi yake ndiye angekuwa amelala pale siku ile, angemwambia alale tu asubiri? Jirani yangu alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo, akiniambia niongeze na ya roho mbaya. Nikaiongeza. Nilimwambia leo akija na mizani, wodi hii itasikia.

Alikuja na mizani. Alimtoa mtoto wangu kwenye kanga kwa mkono mmoja, kichwa kikiwa kwenye kiganja chake, miguu ikining'inia. Jana yake uzito ulikuwa umeshuka, na nilikuwa nimeambiwa ukishuka tena watamwekea mpira puani wa kumlishia. Akamlaza kwenye mizani. Akasoma, akasoma tena.

"Ameongezeka kidogo," alisema. "Unaona? Ukiacha kuhangaikahangaika, mtoto naye anatulia. Kelele zote zile za nini?"

Alikuwa amemwinua tena kwenye mizani, bado amemshika. Mtoto alikuwa amefungua macho, anatafuta kitu hewani kwa kinywa chake, na wa kunirudishia alikuwa huyo. Na kesho angempima huyo, na keshokutwa pia.

"Asante, sista," nikasema, nikanyoosha mikono yote miwili.

Jirani yangu aligeukia ukutani, akaanza kumfungua mtoto wake kwenye kanga. Zamu yake ya mizani ndiyo iliyokuwa inafuata.